Kubadilisha themokapo ya hita ya maji ya gesi: mwongozo kamili

Unabonyeza nobu, pailoti (ule mwali mdogo unaowaka muda wote) inawaka vizuri, unahesabu hadi thelathini, unaachilia, moto unazimika. Unarudia mara tatu, nne, mambo ni yale yale. Ukimwita fundi yeyote wa Nairobi atakwambia kabla hata ya kufungua kifuniko: "Themokapo imekufa hiyo." Mara nyingi huwa amesema kweli, ila si kila mara, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima kabla ya kununua. Kufunga themokapo mpya ni kazi ya nusu saa. Kinachowashinda watu ni kufunga kipuri kipya huku hitilafu ya zamani ikiwa palepale, kisha kurudi dukani kugombana na muuzaji.

Themokapo inafanya nini

Ni metali mbili za aina tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipashwa moto na mwisho wa pili ukabaki baridi, umeme kidogo huzalika. Thomas Johann Seebeck aligundua jambo hili mwaka 1821, na hita za pailoti bado zinalitegemea bila betri wala plagi ukutani. Themokapo nzima ikiwa ndani ya mwali mzuri hutoa takriban milivolti 25 hadi 30. Umeme huo husafiri ndani ya mrija mwembamba wa shaba hadi kwenye sumaku iliyo ndani ya vali ya gesi.

Sumaku hiyo haina nguvu ya kuifungua vali. Inaweza tu kuishikilia ikiwa imeshafunguliwa na kidole chako, ndiyo maana lazima ubonyeze na usubiri ncha ipate joto. Upepo ukizima pailoti, ncha inapoa, sumaku inalegea, springi inaifunga vali, na gesi haiendelei kumwagika nyumbani.

Kumbuka udogo wa umeme huu. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani mara hamsini hadi sitini ya kile themokapo inachotoa. Kwa hiyo uchafu usioonekana kwa macho, kutu kidogo kwenye mguso au nati iliyolegea nywele moja vinatosha kuizuia sumaku isishike. Hitilafu nyingi zinazobandikwa jina la "themokapo mbovu" ni mguso mchafu tu.

Je, hita yako inayo?

Hita za papo kwa papo zinazofungwa ukutani, ambazo ndizo nyingi hapa mjini, ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ina pailoti: mwali mdogo unaowaka muda wote, nao ndio unaowasha kichomeo kikubwa unapofungua maji. Hizo zina themokapo. Namna ya pili hutumia betri mbili kubwa za saizi D; ukifungua maji unasikia cheche zikilia ta-ta-ta kisha moto unashika wote kwa pamoja. Nyingi za namna hii hazina themokapo kabisa. Zina vijiti viwili vyenye kauri nyeupe karibu na kichomeo: kimoja hutoa cheche, kingine huhisi moto. Kama yako inawaka kwa sekunde chache halafu inazimika, badilisha betri zote mbili kwa pamoja, kisha safisha kijiti cha kuhisi kwa msasa laini sana. Usinunue themokapo, hakuna pa kuifunga.

Hita za tangi zinazotumia gesi si nyingi Nairobi, maana wengi wamezoea umeme au jua, lakini zipo, na pailoti yao hukaa chini kabisa ya tangi nyuma ya kifuniko kidogo cha bati.

Ukifungua kifuniko utaona mirija miwili myembamba inayoelekea kwenye pailoti. Mmoja, mara nyingi wa alumini, unapeleka gesi ya pailoti. Mwingine ni wa shaba, unene wake kama milimita 3, na mwisho wake una ncha ya rangi ya chuma iliyosimama ndani ya mwali. Huo wa pili ndio themokapo, na ndani yake hampiti gesi. Usiichanganye hiyo mirija.

Usiilaumu kabla ya kuangalia haya

Pailoti isiyowaka kabisa hata ukiwa umebonyeza nobu haina uhusiano wowote na themokapo. Hapo tafuta kwingine: mtungi umeisha, regyuleta haijakaa, mpira umejaa hewa baada ya kubadilisha mtungi, au tundu la pailoti limeziba. Hewa ndani ya mpira mrefu inaweza kuhitaji dakika nzima au zaidi ya kubonyeza kabla gesi haijafika.

Pailoti inayokaa vizuri lakini moto mkubwa haushiki ukifungua maji pia si kesi ya themokapo. Hiyo ni kesi ya maji. Hita ya papo kwa papo huhitaji msukumo wa maji ili kiwambo cha mpira ndani yake kisogee na kufungua gesi. Katika mitaa ambayo maji huja kwa zamu na nyumba inategemea tangi la juu, tangi likiwa mita moja tu juu ya shawa moto hautashika. Lipandishe lifike walau mita mbili na nusu au tatu, au weka pampu. Angalia pia chujio dogo kwenye kiingilio cha maji baridi, maana maji yakirudi baada ya siku kadhaa za ukavu huja na mchanga.

Ikiwa pailoti inakaa kwa dakika kadhaa au saa nzima kisha inazimika, sababu ni nyingi, na themokapo dhaifu ni mojawapo tu. Upepo unaoingia kupitia bomba la moshi unaweza kuuzima. Mtungi mdogo unaweza pia. Hita ya lita 6 kwa dakika hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, na mtungi wa kilo 6 ukikaribia kuisha asubuhi ya baridi ya Julai haugeuzi gesi ya majimaji kuwa mvuke kwa kasi hiyo. Mtungi unakuwa baridi kama barafu, msukumo unashuka, moto mkubwa unainyang'anya pailoti gesi yake, na pailoti inakufa. Jaribu mtungi uliojaa, ikiwezekana wa kilo 13, kabla ya kugusa chochote.

Halafu kuna swichi ya usalama ya joto. Hita nyingi za ukutani zina kidude cha mviringo kinachofanana na sarafu, kimebanwa kwenye bomba la maji moto au karibu na njia ya moshi, na nyaya mbili nyembamba zinatoka kwake hadi mahali themokapo inapoingia kwenye vali. Umeme wa themokapo hupita hapo kwanza. Swichi hiyo ikikatika, au vibanio vya nyaya zake vikishika kutu, dalili ni zile zile kabisa za themokapo iliyokufa. Mafundi wengi huiruka, na tunadhani hakuna chanzo kingine kinachouza themokapo zisizohitajika kama hiki. Chomoa vibanio, vifute, virudishe kwa kubana. Usiunganishe nyaya moja kwa moja ili "kuiruka" swichi na kuendelea kutumia hita. Ikikatika mara kwa mara, hita inapata joto kupita kiasi au moshi unarudi ndani, na hilo ndilo la kutibu.

Mwisho, tazama mwali wenyewe. Pailoti nzuri ni ya bluu, imara, na inaikumbatia ncha ya themokapo. Ikiwa ni ndogo, ya njano na inapepea ovyo, hata themokapo mpya kutoka kiwandani haitapata joto la kutosha. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na hita iliyopangwa kwa hewa ya pwani huelekea kuwaka kwa unjano zaidi huku. Hilo linafanya usafi wa matundu ya hewa ya pailoti kuwa muhimu zaidi. Utando wa buibui na vumbi ndio maadui wakubwa.

Kuipima

Unahitaji multimita yenye kipimo cha milivolti 200 za mkondo wa moja kwa moja. Fungua nati ya themokapo kwenye vali na utoe mwisho wake. Usiguse nati kubwa iliyo nyuma yake kwenye baadhi ya vali, maana hiyo ndiyo inayoshikilia sumaku na ikifunguliwa gesi itatoka. Bonyeza nobu, washa pailoti, na uendelee kubonyeza muda wote wa kupima; sumaku haina umeme, kwa hiyo ukiachilia moto utazimika. Kazi hii inahitaji watu wawili.

Gusisha kijiti kimoja cha multimita kwenye mwili wa shaba na kingine kwenye kitufe cha katikati mwishoni. Namba itapanda polepole. Baada ya dakika moja isome:

- Milivolti 25 au zaidi: themokapo ni nzima. Tafuta tatizo kwenye mguso, kwenye swichi ya joto au kwenye sumaku.
- Kati ya 20 na 25: inazeeka. Safisha ncha, rekebisha mwali, upime tena.
- Chini ya 20 huku mwali ukiwa mzuri: ibadilishe.

Namba ikija na alama ya kutoa, umegeuza vijiti tu. Kama huna multimita, angalau jaribu njia ya bure kwanza: fungua nati, futa kitufe cha mwisho na tundu la vali kwa kitambaa kikavu, rudisha, jaribu. Usitumie msasa mkali hapo, kwa sababu mikwaruzo hupunguza mguso.

Kununua

Usiende dukani mikono mitupu. Toa ya zamani, ifunge kwenye gazeti, nenda nayo. Maduka ya vipuri vya majiko na hita yako mengi kuzunguka River Road na Luthuli, na muuzaji mzoefu atailinganisha kwa macho. Wewe linganisha mambo matatu: urefu, umbo la kichwa kinachoshikwa kwenye pailoti, na hesi ya nati inayoingia kwenye vali. Hesi ndiyo inayowaangusha wengi. Zipo za milimita 8, 9 na 10, na hita za Marekani zina kipimo chao cha inchi. Nati ikiingia mizunguko miwili kisha ikakaza, si yake, usiilazimishe. Vali iliyoharibika hesi inagharimu mara nyingi kuliko themokapo.

Urefu ukizidi kidogo si tatizo. Ukipungua ni tatizo, kwa maana themokapo haiungwi, haikatwi wala haichomelewi. Kwa hita nyingi sentimita 60 zinatosha; kwa hita ya tangi chukua 90 usije ukarudi. Zile za kufaa kila hita, zinazouzwa na vishikizo kadhaa kwenye pakiti moja, hufanya kazi vizuri ikiwa kishikizo kimoja kinaishika ncha bila kucheza. Kabla ya kulipa, tazama kitufe cha mwishoni: kiwe katikati, kizungukwe na pete ya kuhami isiyo na ufa, na nati izunguke kwa urahisi juu ya mrija.

Kazi yenyewe

Vifaa: spana za milimita 8 hadi 12 au spana malaya ndogo, bisibisi ya nyota na ya bapa, mswaki mkuukuu, kitambaa kikavu, tochi, na chupa ya maji ya sabuni ya vyombo, sabuni sehemu moja kwa maji sehemu nne.

1. Zima gesi kwenye regyuleta, kisha itoe kabisa kwenye mtungi. Kama jengo lenu lina gesi ya pamoja inayoletwa kwa mabomba, funga koki ya nyumba yako, usiguse mita wala kitu chochote kabla yake.

2. Fungua madirisha na mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatoka juu. Hujilaza sakafuni, kwenye tundu la maji ya bafu na chini ya sinki. Kama unasikia harufu, usiwashe wala kuzima taa, na subiri iishe kabisa. Asiyeweza kusubiri asianze kazi hii.

3. Acha hita ipoe nusu saa. Vuta nobu zote zitoke kwa mbele, fungua skrubu za kifuniko, kwa kawaida mbili chini na wakati mwingine mbili juu, kisha kiinue na kukivuta. Angalia kama kuna waya wa kionyesha joto uliounganishwa na kifuniko kabla hujakivuta kwa nguvu.

4. Piga picha kwa simu kutoka pande mbili. Picha hiyo itakuokoa wakati wa kurudisha.

5. Fungua nati ya upande wa vali kwanza. Huwa haijakazwa sana. Ikigoma, ishike vali kwa mkono mwingine isijipinde.

6. Nenda upande wa pailoti. Ncha hushikwa kwa namna tatu: kwa nati ndogo chini ya kishikizo, kwa klipu ya springi, au imesukumwa tu ikabana. Ya klipu na ya kubana huvutwa kuelekea chini taratibu huku ukiizungusha kidogo. Ikiwa masizi yameigandisha, usiipige nyundo, kishikizo kitapinda na mwali utakosa mahali pake. Weka tone la mafuta, subiri dakika kumi.

7. Kwa kuwa kila kitu kiko wazi, safisha pailoti sasa. Piga mswaki mkavu kwenye matundu yake ya hewa na upulize. Ukitaka kusafisha tundu la gesi, toa mrija wa alumini, vuta kipande kidogo cha shaba chenye kitundu kilicho mwisho wake, kiloweke kwenye spiriti, kipulize. Usikichome kwa sindano wala waya. Kwa gesi ya mtungi kitundu hicho mara nyingi ni chini ya milimita 0.3, ukikipanua hata kidogo pailoti itawaka njano na masizi, na hutaweza kukirudisha.

8. Nyoosha themokapo mpya kwa mkono, ukiipinda kwa mikunjo mipana. Mkunjo mkali unavunja waya wa ndani bila kuonyesha chochote nje. Urefu uliozidi uzungushe duara pana, upana wa kikombe cha chai hivi, mbali na kichomeo.

9. Ingiza ncha kwenye kishikizo hadi isimame, uibane.

10. Futa tundu la vali, ingiza mwisho wa themokapo kwa vidole, kaza kwa vidole hadi igome, kisha spana robo ya mzunguko. Basi. Ukizidisha, unaiponda ile pete ya kuhami, umeme unakatika njiani, na umeua themokapo mpya siku yake ya kwanza. Usizungushie utepe mweupe wa mabomba: hapa hakuna gesi ya kuzuia, na huo utepe unazuia umeme, kwa kuwa mwili wa nati ni sehemu ya njia yake.

Hatua ya tisa inastahili maelezo zaidi, kwa sababu mahali pa ncha ndipo kazi hii inapofaulu au kuharibika. Mwali unapaswa kuifunika sehemu ya juu ya ncha, kama milimita 10 hadi 13. Ikiwa ncha iko chini mno, inaguswa na mwanzo wa mwali, pale palipo baridi, na umeme unakuwa haba. Ikiwa imepanda mno, moto unapiga shingo, pale ncha inapoungana na mrija wa shaba, na pale panatakiwa pabaki baridi. Umeme wa themokapo unatokana na tofauti ya joto kati ya sehemu hizo mbili, kwa hiyo ukipasha shingo unapunguza umeme na kuchoma maungio kwa wakati mmoja. Ikisogea upande wa kichomeo kikubwa, itakuwa nzuri wiki ya kwanza na kuungua kabla ya muda wake. Themokapo "za bandia" zinazodaiwa kufa baada ya miezi miwili, nyingi ziliuawa na mahali zilipofungwa.

Kwa hita ya tangi, nafasi ni finyu mno kufanyia haya yote ndani. Fungua nati tatu kwenye vali, yaani ya themokapo, ya mrija wa pailoti na ya bomba la kichomeo, kisha vuta mkusanyiko wote wa kichomeo nje kupitia mlango wa chini. Fanyia kazi sakafuni kwenye gazeti, na uondoe kutu na masizi yaliyodondoka ndani ya chumba cha moto kabla ya kurudisha. Mwisho wa kichomeo mara nyingi una kilimi kinachoingia kwenye kishikizo nyuma. Ukikikosa, kichomeo kitakaa upande na moto utalamba chini ya tangi.

Kuwasha na kuhakiki

Rudisha regyuleta, fungua gesi, na kabla ya kuwasha chochote pakaa maji ya sabuni kwenye kila maungio ya gesi uliyoyagusa, pamoja na maungio ya mpira. Mapovu yakikua, funga gesi, kaza, rudia. Usitafute uvujaji kwa kiberiti, hata kama umemwona fundi akifanya hivyo.

Zungusha nobu kwenye alama ya pailoti, bonyeza hadi mwisho, washa. Pailoti ikishashika, endelea kubonyeza sekunde 30 hadi 60. Ya kwanza baada ya kazi ihesabie 60 kamili. Achilia polepole. Usipopata moto baada ya majaribio machache, funga na subiri dakika tano madirisha yakiwa wazi ili gesi iliyokusanyika itoke.

Pailoti ikishika, iache dakika tatu, kisha fanya jaribio ambalo watu huliruka. Funga gesi kwenye mtungi na uweke sikio karibu na vali. Pailoti itafifia na kuzimika. Muda mfupi baadaye, kwa kawaida kati ya sekunde 15 na 60, utasikia "tak": hiyo ni sumaku imeachilia. Mlio ukija, usalama unafanya kazi. Usipokuja kabisa, vali imekwama wazi, na hita hiyo haifai kutumiwa hadi vali ibadilishwe, hata kama inachemsha maji vizuri namna gani.

Washa tena, fungua maji ya moto, tazama kichomeo kikubwa kikishika bila kishindo na bila kuizima pailoti. Baada ya dakika kumi na madirisha yamefungwa, shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na mdomo wa bomba la moshi juu ya hita. Moshi wa udi unatakiwa kuvutwa ndani. Ukisukumwa nje chumbani, bomba la moshi limeziba au halivuti, na unaweza kuwa unavuta kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Funga hita, fungua madirisha, tengeneza bomba. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje haifai kufungwa bafuni, na hapo hakuna themokapo itakayokuokoa.

Ikiendelea kuzimika

Themokapo mpya, mwali mzuri, milivolti 25, na bado moto hautulii? Hakikisha nati imekazwa ile robo ya mzunguko baada ya vidole, si zaidi. Jaribu kuiondoa swichi ya joto kwenye njia kwa dakika moja ya uchunguzi tu, wewe ukiwa umesimama hapo: moto ukikaa, swichi au nyaya zake ndizo mbovu, nunua nyingine na uirudishe mahali pake kabla ya kutumia hita. Moto usipokaa hata hivyo, sumaku ya vali ndiyo iliyochoka. Kwenye baadhi ya hita sumaku huuzwa peke yake. Kwenye nyingine inabidi vali nzima, na hapo piga hesabu kama hita ya umri huo inastahili gharama hiyo.

Pailoti inayozimika tu mlango wa bafu ukifungwa na mvuke ukijaa ni jambo jingine kabisa. Kuna hita ambazo pailoti yake imeundwa makusudi mwali uruke na kuiacha ncha pale hewa safi inapopungua. Themokapo inapoa, gesi inafungwa. Hita ya namna hiyo haina ubovu; chumba ndicho hakina hewa, na dawa yake ni tundu la hewa la kudumu ukutani.

Ukikuta hita iliyofungwa kamba kwenye nobu, au iliyounganishwa betri ya tochi kwenye sumaku ili isiachilie, usiiwashe. Volti 1.5 hushikilia vali wazi bila kujali kama kuna moto au hakuna, na huunguza koili ya sumaku pia. Toa hiyo betri, na uchukulie kuwa vali yenyewe imeshaharibika hadi jaribio la "tak" lithibitishe vinginevyo.

Majiko ya gesi

Oveni na majiko mengi yana themokapo inayofanya kazi kwa kanuni hii hii, na dalili ni zile zile: kichomeo kinazimika ukiachilia nobu. Tofauti iko kwenye mwisho wake. Nyingi za majiko huingia kwenye vali kwa kibanio bapa cha kusukuma badala ya nati, kwa hiyo ya hita haiingii kwenye jiko wala ya jiko kwenye hita. Kwenye jiko jaribu kwanza kufuta ncha kwa kitambaa chenye siki. Uji au maziwa yaliyomwagika na kukaukia juu yake huzuia joto, na majiko mengi hupona hapo bila kununua chochote.